Theluji Ifikapo Chara

Kiswahili kina neno theluji tangu zamani, ingawa wengi wa wasemaji wake wa mwambao huzaliwa na kufariki bila ya kuiona theluji yenyewe. Neno lilitoka katika Kiarabu, likapokewa na kukaa. Mintarafu ya fasihi za Ulaya, siku ya theluji mwishoni mwa majira ya baridi ni mada kongwe: moto wa mekoni, kinywaji cha moto, dirisha, na fikra za mtu anayengojea majira mengine. Swali linalomkabili mhakiki ni iwapo mada hiyo ina mwenzake huku kwetu.

Jawabu jepesi ni kipupwe, na wapo wafasiri walioridhika nalo. Kipimo chao ni baridi. Lakini kipupwe cha Juni hadi Agosti hufuata masika. Ardhi ingali na unyevu, na mtu hana sababu ya kuhesabu siku akingoja kiishe. Julius Nyerere alipotafsiri Mabepari wa Venisi (1969), alikabiliwa na hoja ya Shylock kwamba Myahudi na Mkristo hupatwa na baridi ile ile na joto lile lile. Hoja hiyo haitegemei kipimajoto. Inategemea majira kuwa mzigo ambao watu wote huubeba pamoja. Kwa hiyo, atafutaye mwenza wa majira ya baridi yanayokatika yafaa atazame mahali ambapo watu huvumilia na kungoja.

Chara, katika delta ya Tana upande wa Garsen, ni mahali pa namna hiyo. Mwezi wa Machi kaskazi huwa imechoka. Mwanzi wa uzio hulia kwa ukavu, na majani ya migomba hukunjamana. Hata hivyo siku haikosi raha zake. Alfajiri, kabla ya jua kushika, maji ya mtungi huwa baridi kwelikweli, na mtu huyanywa taratibu ili yasimwishie upesi. Vidimbwi vilivyoachwa na mto hupungua, na kambare hupatikana kwa urahisi usiokuwapo wakati wa maji mengi. Hubanikwa na kuliwa kwa wali wa nazi. Maembe ya mwisho huwa machache, na kwa sababu hiyo huwa matamu zaidi. Adhuhuri wanawake husuka mikeka chini ya mwembe, na mazungumzo hayafuati mpango. Kila mara mmoja hutazama upande wa bahari kuona kama wingu limekaa au limepita. Kutazama huko ndiko dirisha la Chara.

Fauka ya hayo, theluji yenyewe haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mto Tana huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, nao husafiri takriban kilomita 1,000 hadi baharini. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua, lakini barafu ya Mlima Kenya nayo hutoa mchango wake mdogo. Barafu hiyo imepungua mno tangu mwanzo wa karne ya 20. Njiani maji huzuiliwa na mabwawa, likiwamo Masinga lililokamilika mwaka 1981. Yamkini, basi, mwanamke atekaye maji Chara huteka na tone lililowahi kuwa jeupe kileleni.

Kungoja huku si pambo la maandishi. Kiangazi kinapozidi, wafugaji huleta ng'ombe wao deltani kutafuta malisho, na wakulima huyalinda mashamba yao kandokando ya mto. Ugomvi wa ardhi, maji na malisho ulichangia mapigano ya mwaka 2012, ambayo yaliua zaidi ya watu 100 katika Tana Delta. Tena mvua ingojwayo inaweza kuja kwa kishindo: mafuriko ya mwaka 2018 na ya mwaka 2024 yaliwahamisha watu wengi. Mtu wa Chara atazamapo wingu, hofu na tamaa huwa katika jicho moja. Mwandishi wa Ulaya akaaye dirishani huandika juu ya utulivu kwa sababu ana yakini kwamba majira mapya yatafika kwa upole. Huku yakini hiyo haipo, na kwa hiyo raha ya embe la mwisho ina uzito wa namna nyingine.

Mwanafunzi aliyekulia deltani, aghalabu, hufundishwa shairi la theluji kama habari ya nchi asiyoijua. Anaorodheshewa koti, moshi na barafu, kisha anaambiwa akariri. Lau mwalimu angemwuliza kwanza watu wa kwao hungoja nini mwezi wa Machi, na hujiliwaza kwa nini wangojapo, mwanafunzi huyo angelifikia shairi akiwa na ushahidi wake mkononi. Koti na moshi angevijua baadaye, navyo si vigumu.

Mfasiri naye ana fundisho hapa. Kabla ya kuchagua kati ya kipupwe na majira ya baridi, na aulize katika matini ile ni kitu gani kinachokaribia kwisha, na ni nani anayekihesabia siku.