Bonasi Huja na Mvua

Mwezi wa Oktoba simu yangu haipumziki. Wakulima wa chai wa Rukuriri, Mungania, Githongo na Kionyo wamepokea bonasi, na kila mmoja anamtaka fundi wiki hiyo hiyo: huyu abadilishiwe mabati, yule atiwe gata, mwingine achimbiwe msingi. Shida ni kwamba mvua nayo imefika. Huku mashariki mwa Mlima Kenya mvua ya Oktoba hadi Desemba si ya kuchezea. Wakulima wengi wa Meru huitegemea kuliko ile ya Machi. Basi pesa ya paa huingia mfukoni wakati paa halipandiki, mbao hazikauki na malori ya mchanga yanakwama kwenye udongo mwekundu.

Nimejenga na kukarabati nyumba Embu na Meru kwa miaka mingi, na ushauri wangu huwa ni huo huo: nyumba hutengenezwa Agosti na Septemba, kabla ya bonasi, hata kama ni kwa pesa ya maziwa. Na anayekopa akope kwa kufuata kalenda ya mvua.

Paa likivuja, mwenye nyumba hunionyesha doa kwenye dari na kuniapia kwamba tobo liko hapo juu. Mara nyingi haliko. Maji huingia penye msumari, yakaifuata mbao inayobeba mabati, yakateremka nayo mpaka penye kiungo ndipo yakadondoka, mbali kabisa na yalikoingilia. Ndiyo maana lami inayopakwa juu ya doa haisaidii kitu. Tafuta msumari. Msumari wa bati una kofia, na chini ya kofia pana mpira. Jua la Januari na Februari huukausha ule mpira hadi ukapasuka. Bati nalo hutanuka mchana na kunywea usiku, msumari ukalegea pole pole mpaka tundu likawa refu kama la kifungo. Panda juu asubuhi bati likiwa bado baridi, ushike msumari kwa vidole. Ukizunguka, umekwisha kazi. Usiupige nyundo urudi ndani. Ung'oe, utie skrubu nene yenye mpira, tena juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Fundi anayepigilia bondeni hafai kurudi kwako.

Kisha gata. Sisi huku tumepanda migrivea mipakani mwa mashamba, mti mzuri wa mbao na kuni, lakini majani yake hayana adabu. Huanguka wakati wa kiangazi yakajaa kwenye gata, na mvua ya kwanza ikija maji hufurika kwa nyuma na kuilowesha fisha bodi. Ubao huo ndio huoza kwanza katika nyumba nyingi ninazoitiwa, na ukioza gata hukosa pa kushika. Kuzoa majani mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba hakuhitaji fundi; kijana na ngazi wanatosha.

Maji yasiyokamatwa na gata huchimba. Kwenye miteremko ya Manyatta au Imenti Kusini utaona nyumba zenye mfereji uliochongwa na matone ya paa kuzunguka ukuta, mpaka mawe ya msingi yameachwa wazi. Mwaga ukanda wa zege kuzunguka nyumba, uinamie nje. Na kama uliukata mlima kupata kiwanja, chimba mtaro juu ya ule ukingo ulio nyuma ya nyumba, maji yapitie pembeni. Ukingo ukishanywa maji wiki nzima mwezi wa Novemba, hautakuuliza kama umelala.

Kule chini Mbeere, Siakago na Kiritiri, adui ni mchwa. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wakaruka karibu na nyumba, jua kichuguu hakiko mbali. Zunguka ukuta ukitafuta vijia vya udongo vinavyopanda kuelekea kwenye fremu za milango. Rangi nayo iache mpaka Januari: ukipaka Julai huku juu karibu na mlima, na yale manyunyu na ukungu, itabambuka kabla ya Krismasi. Najua Januari ni mwezi wa karo. Basi paka upande mmoja.

Sasa mkopo. Mimi si mtu wa benki, lakini pesa za mikopo ndizo zinazonilipa, na nyumba zilizokwama kwenye linta nimeziona kutoka Runyenjes hadi Maua. Mkopo wa nyumba hasa, ule wa benki wa miaka 15 au 20, ni nadra: kwa takwimu za Benki Kuu, nchi nzima ina akaunti takriban 30,000. Wengi huku hujenga kwa Sacco, na sababu kubwa ni hati. Shamba bado lina jina la babu, urithi haujapita kortini, na kuna sehemu za Tigania na Igembe ambako upimaji na ugawaji wa ardhi haujakamilika. Benki haiwezi kushika kisichokuwa na hati. Hata ukiwa nayo, shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Mtu huanza kuyafuata haya wakati mawe yamekwisha kushushwa, na hapo ndipo mwezi wa Septemba hupotelea.

Mwalimu mmoja wa Embu aliniletea karatasi mbili za mikopo. "Fundi, asilimia 12 ni asilimia 12 tu, ama?" Nikamwambia, "La, mwalimu, inategemea inahesabiwa juu ya nini." Tulikaa juu ya mawe tukapiga hesabu kwa simu. Milioni moja kwa miaka 5, riba ya asilimia 12 juu ya salio linalopungua, ambayo ndiyo ile asilimia 1 kwa mwezi ya Sacco nyingi, ni kama 22,240 kwa mwezi. Asilimia 12 hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya milioni nzima tangu mwanzo hadi mwisho ni 26,670. Mwishoni umelipa zaidi ya 265,000 za ziada. Mkopeshaji wa karatasi ya pili, ambaye jina lake nitalibana, hakuwa ameandika popote kwamba hesabu yake ni ya pili.

Kwa mkopo mrefu, swali ni kama riba inaweza kupanda. Milioni 3 kwa miaka 20 kwa asilimia 9 ni karibu 27,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 ni zaidi ya 37,000. Mabadiliko ya namna hiyo si hadithi: Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na wenye mikopo ya riba inayobadilika waliona. Ile 10,000 ya tofauti ndiyo ingekuwa pesa ya rangi, gata na dawa ya mchwa. Uliza kama benki au Sacco yako inakopa kwa KMRC, kampuni iliyopewa leseni mwaka 2020 kuwakopesha wakopeshaji kwa asilimia 5 ili nao wamkopeshe mwananchi kwa riba isiyofika asilimia 10.

Sheria ya Ajira hairuhusu makato yavuke theluthi mbili ya mshahara. Watumishi wengi huuchukua mpaka huo kama lengo, wakakopa hadi payslipu ikabaki ile theluthi moja. Mimi humwambia mtu apunguze chumba kimoja kwenye ramani, abaki na elfu tatu kila mwezi za kuitunza nyumba.

Ombi la mkopo liingie Februari. Wadhamini wakikuzungusha, bado pesa itafika Mei. Msingi Juni, kuta Julai na Agosti, bati la mwisho kabla ya Septemba kuisha. Manyunyu ya Julai hayadhuru zege, zege hupenda unyevu. Na kama kipato chako ni cha chai, muulize mkopeshaji mambo mawili: je, atapokea malipo makubwa mara moja kwa mwaka, na je, atakutoza faini ukimaliza deni mapema? Akisema hakuna faini, aandike hivyo kwenye mkataba. Akikataa kuandika, mjini Embu wakopeshaji hawako mbali. Vuka barabara uende kwa mwingine.