Baridi ya Kutulo: Safari ya Pikipiki Katika Mvua ya Deyr

Wasomaji wengi wakisikia majina ya Wajir, Mandera au Garissa hufikiri jua kali, vumbi na ngamia, wala hawakosei. Lakini mimi nataka kuwapa habari ya baridi ya huko, tena baridi ya kugonganisha meno, niliyoipata juu ya pikipiki mwezi wa Novemba mwaka 2023. Na mtu akiniuliza kama nilifurahi, nitamjibu kwamba tangu nijue kuendesha pikipiki sijapata kuifurahia kama siku ile.

Mimi ni mtu wa Kinangop. Kwetu ni juu, kiasi cha mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na siku nyingine asubuhi umande huganda ukachoma majani ya viazi. Pikipiki nilijifunza kwa kupeleka maziwa alfajiri, mikono imekufa ganzi, nami niliichukia kazi hiyo. Kwa hiyo nilipopelekwa Wajir kwa kazi ya ukarani nilishukuru, nikidhani kwamba baridi nimeiaga. Nilipowaona watu wa mjini wakivaa makoti kwa sababu ya wingu tu, niliwacheka. Kicheko hicho nilikilipa baadaye.

Kutulo ni mji mdogo katika barabara itokayo Wajir, ikapita Tarbaj, ikaendelea hadi Elwak na Mandera, karibu na mahali kaunti za Wajir na Mandera zinapokutana. Kuna maduka ya mabati, msikiti, na mifugo inayopita katikati ya watu kama wenye mji. Nilifika huko juu ya lori nikielekea Elwak, na huko lori likakataa kuendelea. Dereva alishuka, akakanyaga barabara kwa kiatu, kiatu kikazama hadi kifundoni, akarudi ndani akafunga mlango akalala. Sikumlaumu. Katika nchi ile lori likinasa laweza kukaa siku nyingi, na wazee husimulia mvua za 1961 na za 1997 kwa kutaja nani alinaswa wapi na alikula nini.

Hapa inafaa nieleze habari ya mvua, maana bila hiyo msomaji hataelewa furaha ninayoisema. Wajir hupata mvua ya kiasi cha milimita 300 kwa mwaka; kwetu Kinangop hupata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Tena huko mvua huja kwa nyakati mbili tu: gu, kati ya Machi na Mei, na deyr, kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia deyr ya 2020 mpaka deyr ya 2022 nyakati tano zilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika Kenya, na mizoga ilionekana kando ya barabara hizi. Kisha ikaja deyr ya 2023 kwa nguvu ya El Niño, ikanyesha kupita kiasi, hata barabara ya Garissa ikafunikwa na maji pale Madogo na watu wakavushwa kwa mashua. Basi watu wa Kutulo walikuwa wameingojea mvua miaka mitatu, nayo ilipokuja, ilikuja kama mgeni aliyevunja mlango.

Nilimkuta mzee mmoja ameketi chini ya baraza la duka, na mwanawe kijana akifunga kamba kwenye pikipiki. Nilitoa salamu, nikaulizwa natoka wapi. "Mwalimu anatoka Kenya," kijana akamwambia babaye. (Huko mtu wa bara aliyevaa miwani huitwa mwalimu hata kama hajashika chaki, na wazee bado husema "Kenya" kana kwamba ni nchi nyingine ya mbali.) Nikauliza kijana aenda wapi katika mvua kama ile. Mzee akanijibu kwa neno moja: "Sahan."

Sahan ni desturi ya zamani ya wafugaji wa Kisomali na jirani zao. Mvua ya nchi kavu hainyeshi kila mahali. Huangukia bonde hili ikaruka lile. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha mifugo hutumwa mtu aende akaone kwa macho yake: majani yako wapi, maji yamekaa wapi, kuna ugonjwa, kuna watu gani. Zamani mtu huyo alikwenda kwa miguu au na ngamia wake, akakawia siku kadhaa. Siku hizi wengi huenda kwa pikipiki, zile ndogo za Kihindi na Kichina zilizoenea Kenya nzima tangu kodi yake ilipopunguzwa mwaka 2008, na habari hurudi kwa simu kabla ya msemaji mwenyewe kurudi.

Mzee yule alikuwa amebakiwa na mbuzi sitini na kitu, na wote walikuwa mifupa mitupu. Shida yake ilikuwa hii: upande wa tambarare majani yalikwisha kuchipua, lakini tambarare hushika maji, upande wa miinuko yenye mawe ni pakavu kidogo, lakini hakujua kama mvua ilifika huko. "Mbuzi mwenye njaa akilala juu ya maji usiku mmoja," aliniambia, "asubuhi humwamshi." Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba mvua yaweza kumaliza kile kilichosazwa na ukame.

Miinuko ile ilikuwa kwenye njia ya Elwak. Nikakodi pikipiki kwa mwenye duka, nikamwomba kijana tufuatane. Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa, akasema, "Mwalimu, hiyo shati itakuua." Tangu Kenya ikataze mifuko ya plastiki mwaka 2017 si rahisi kupata mfuko wa kujikinga, lakini alinitafutia gunia la nailoni, akatoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Nami nikakumbuka hila ya wapeleka maziwa wa kwetu: nilichukua gazeti kuukuu, nikalikunja mara nne, nikalivaa kifuani chini ya shati. Wasomaji wanaoendesha pikipiki na walijaribu leo hii. Karatasi huzuia upepo kuliko sweta, mradi isilowe.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Hatukuondoka mapema zaidi, maana katika barabara ile watu hawatembei gizani. Mwezi wa Desemba 2019 basi lilishambuliwa karibu na Kutulo na abiria wakauawa, na tangu hapo mtu mwenye akili hupima safari yake kwa jua. Kijana alikuwa amewauliza watu waliotoka upande ule, akaridhika.

Mwanzoni njia ilikuwa ya mchanga mwekundu, na mchanga ukilowa ni barabara njema kuliko ukiwa mkavu. Matairi hushika, vumbi hakuna, injini haipati joto. Harufu ya ardhi iliyonyeshewa ilitujia, na vichaka vya miiba nilivyovijua kuwa vya kijivu vilikuwa vimevaa majani ya kijani kibichi yaliyong'aa. Digidigi walikimbia mbele yetu. Kijana alianza kuimba kwa sauti kuu, nami sikujua maneno lakini nilipiga honi mwisho wa kila ubeti. Mvua ilinipiga usoni nikaiacha inipige. Mvua ile ile niliyoitukana Kinangop nikipeleka maziwa, hapa ilinifurahisha, kwa kuwa nilikuwa na mtu aliyeona kila tone kama shilingi.

Kisha udongo ukabadilika ukawa mfinyanzi, na nyimbo zikakoma. Udongo ule hujaa kati ya tairi la mbele na madigadi hata gurudumu lisizunguke. Kila mara tulisimama tukauchokoa kwa kijiti. Kijana alipunguza upepo katika matairi yote mawili ili yatambae vizuri, akanifunza kuacha breki ya mbele na kutumia gia na breki ya nyuma kwa upole. Nilianguka mara mbili. Matope ni godoro zuri.

Tulifika penye laga, yaani mkondo wa mto ambao kwa kawaida ni mkavu, nao ulikuwa na maji ya rangi ya chai. Hapa kijana hakuwa na haraka hata kidogo. Alivua viatu, akaingia kwa miguu akishika fimbo, akavuka hadi ng'ambo na kurudi. Maji yalifika chini kidogo ya goti. "Yakipita goti, tunalala hapa," alisema. Pikipiki huvushwa kwa gia ya kwanza, bila kubadili, na petroli ikitolewa bila kupunguzwa, ili moshi usukume maji yasiingie katika bomba. Yake ilivuka. Yangu ilizimika katikati, kwa sababu niliogopa nikapunguza mafuta. Tuliisukuma hadi kando, akaifungua plagi, akapiga kiki mara nyingi mpaka maji yaliyoingia yakaruka nje kama chemchemi, akapangusa plagi kwa kitambaa cha shingoni mwake, nayo ikawaka. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, uoga unakunywa maji."

Baada ya laga ndipo baridi ilipotushika. Msomaji atauliza: nchi ile hata wakati wa mvua haipungui sana digrii 20, baridi yatoka wapi? Yatoka katika maji yenyewe. Gramu moja ya maji ikikauka mwilini huondoka na kalori karibu 580 za joto, na joto hilo halitoki popote ila katika damu ya mtu. Ongeza upepo wa pikipiki iendayo mbio, na nguo iliyolowa haikomi kukausha na kulowa tena. Mwili wa mtu huwa na digrii 37. Ukishuka chini ya 35 ni hatari. Dalili za mapema nilizipata zote: kutetemeka, vidole kukataa kushika klachi, na ulimi kuwa mzito. Lililo baya zaidi ni kwamba mtu hupungukiwa na busara bila kujua; mimi nilitaka tuongeze mwendo ili tufike upesi, na kuongeza mwendo ndiko kunakoongeza baridi. Kijana alinizuia. Tulisimama tukaweka mikono karibu na injini, tukarukaruka kama watoto, kisha tukaenda polepole.

Hapo ndipo tulipopita boma la watu wengine kwenye tambarare, na mbuzi wamelala kando ya ua wa miiba, kumi na tisa kwa hesabu yangu, wengine na majani mabichi bado mdomoni. Mama mwenye boma alikuwa akikusanya walio hai, akiwafunika watoto wa mbuzi kwa mkeka. Sasa nilielewa kwa mifupa yangu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshiba, nina gunia na gazeti, na bado nilishindwa kufunga kifungo. Mbuzi aliyemaliza mafuta yake yote katika ukame hana kuni za kuwasha ndani yake. Tuliwasaidia kubeba walio hai hadi kwenye kibanda, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari nyingi. Sijui chai iliyonifaa kuliko ile. Kijana hakumaliza yake. Alikuwa akitazama mawingu.

Miinuko haikuwa mbali. Alipofika alishuka, akachimba ardhi kwa vidole kati ya mawe. Unyevu ulifika kiasi cha kiganja na vidole vyake, na juu maji hayakutuama. Majani yalikuwa machache, mafupi kama ndevu za kijana, lakini yalikuwapo. Vichaka vilitosha kukinga upepo. Akaitafuta simu yake aliyoifunga ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, lakini mtandao haukuwapo. Basi alisimama juu ya tandiko la pikipiki, nami nikishika usukani isianguke, akanyosha mkono juu, akasubiri. Mvua ilinyesha juu yetu wote wawili. Hatimaye nikamsikia akipiga kelele kwa lugha ya kwao, na neno moja tu nililifahamu, maana alilirudia mara tatu: mawe.

Tulifika Elwak kabla ya magharibi, ile nchi ya visima vya zamani na ardhi ya jasi iliyo nyeupe, na weupe wake ulikuwa umepakwa pikipiki zetu kama chokaa. Siku ya tatu kijana alipata habari ya nyumbani. Babaye alikuwa amehamisha mbuzi usiku ule ule kwa mwanga wa tochi, moja kwa moja hadi kwenye mawe. Alipoteza kumi na mmoja njiani. Waliobaki walikuwa wakila.

Jioni ile ya kwanza, tulipokuwa tumeketi kando ya jiko la mwenye hoteli, nililivua gazeti kifuani. Lilikuwa limelowa mwishowe, na wino wake umehamia katika fulana yangu, hata mtu angeweza kusoma vichwa vya habari kinyumenyume juu ya tumbo langu. Kijana aliinama akajaribu.

"Linasema nini kuhusu mvua, mwalimu?"

Nilitazama. Lilikuwa la mwezi wa Agosti, na lilisema watu wajiandae.