Kisiwa cha Mvita na Maji Yake

Chai inayotengenezwa katika viwanda vya Kebirigo, Sanganyi na Ogembo husafirishwa hadi Mombasa, ambako huuzwa kwa mnada na kupakiwa melini. Kwa hiyo mkulima wa Kisii au Nyamira, hata kama hajapata kuiona bahari, anayo haki ya kuuliza habari za mji huo.

Mombasa ni kisiwa, na jina lake la zamani ni Mvita. Upande wa mashariki iko bandari ya kale, na kando yake Mji wa Kale, wenye vichochoro vyembamba, nyumba za mawe na milango ya nakshi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika kisiwani mwaka 1331 akaisifu misikiti yake iliyojengwa kwa mbao. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, wakaiteka mwaka 1698. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kisha reli, iliyoanzwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na meli kubwa zikahamia Kilindini, upande wa magharibi, penye kina kirefu.

Sasa tuyatazame maji. Huko Kisii mvua kubwa ikinyesha, maji huteremka mabondeni, huingia Mto Gucha na kwenda zake Ziwa Victoria. Hasara yake ni udongo unaochukuliwa. Kisiwani mambo ni mengine. Mji wa Kale umesimama juu ya mwamba wa matumbawe, lakini mitaro ya kisiwa humwaga maji baharini, na bahari yenyewe haikai mahali pamoja. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa, midomo ya mitaro huzibwa na maji ya bahari. Tena mtaro ukiwa umejaa taka, maji hurudi barabarani na kuingia nyumbani mwa watu. Mafuriko ya mwaka 2006 yaliwatesa sana watu wa Mombasa.

Zaidi ya hayo, bahari za dunia zimepanda kwa kadiri ya sentimita 20 tangu mwaka 1900, na bado zinapanda. Mwaka 2008 wataalamu walikadiria kwamba bahari ikipanda sentimita 30, karibu asilimia 17 ya eneo la Mombasa huenda ikafunikwa. Mawimbi yameula mwamba ulio chini ya Ngome, hata ikabidi ukuta wa mawe ujengwe kuuzuia.

Ukuta huo ni jambo jema, lakini hautoi taka mitaroni, wala haurudishi mikoko iliyokatwa katika hori la Tudor. Kazi hizo ni za wenyeji na serikali yao, na wakati wake ni kabla ya masika. Mkulima achimbaye matuta shambani anaifahamu sana kanuni hii. Naye pia inamhusu, kwa maana maghala ya chai yako Shimanzi, kisiwani humo, na chai iliyolowa haina mnunuzi.