Kabla Hamjapanda Kitonga na Tela Nyuma

Siku hizi kila wanandoa ninaokutana nao Dar wana mpango wa "kutoka nje ya mji". Wengine Bagamoyo, wengine Lushoto, wenye nafasi Zanzibar, na picha zao tunaziona. Mimi na baba watoto tumeangukia kitu ambacho marafiki wanakiona cha kizungu kidogo: tela la kulala. Lina kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na hema la watoto linalofunguka ubavuni. Tulilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Afrika Kusini, ambako familia kusafiri na tela ni jambo la kawaida kabisa. Shida ni kwamba tela halijiendeshi, na kale kagari ketu ka mjini kasingelifikisha hata Kibaha.

Basi tukaanza kutafuta pikapu. Wapenzi wasomaji, kama mnataka kujua ndoa yenu imesimama wapi, nendeni mkanunue gari la kazi kwa pesa ya kiwanja.

Maana pesa yenyewe ilikuwa ya kiwanja, Kigamboni, akiba ya miaka minne. Mume wangu alitaka pikapu ya bei nafuu yenye injini ndogo ili chenji irudi benki. Muuzaji wa yadi moja alishamjaza maneno. "Mke wangu, hii inavuta hata nyumba," akaniambia. Nikamjibu, "Nyumba haishuki Kitonga, baba."

Nilikuwa na sababu. Safari yetu kubwa ni Iringa kwa mama mkwe, kilometa 500 hivi kutoka Dar, na barabara ile ndiyo mtihani wenyewe. Mpaka Chalinze gari lolote linajisifu. Ukiwa na tela, adui wako pale ni foleni: kusimama, kuondoka, kusimama tena, na klachi inanuka kabla hujaiona Mlandizi. Nilipofika Chalinze nilishakata shauri kwamba letu litakuwa otomatiki. Haraka isikusumbue, maana vibao vya 50 na jamaa wenye tochi wapo njia nzima.

Mikumi ndipo unapoanza kuheshimu uzito. Barabara inakatiza hifadhini kwa kilometa 50 hivi, mwendo mwisho ni 70 mchana na 50 usiku, na twiga akiamua kuvuka hakuulizi una nini nyuma. Gari lenye tela linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Hapo ndipo utajua kama tela lina breki zake au linategemea za pikapu. Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu tela linalozidi kilo 750 lisilo na breki zake, na ukishasukumwa kutoka nyuma mara moja utawaelewa. La kwetu lina zile zinazojibana zenyewe tela linapoisukuma gari. Zipo pia za umeme, unazozipangia nguvu ukiwa ndani ya kebini. Ni nzuri zaidi, ila zinataka fundi anayezijua.

Kabla ya kununua chochote tuliazima pikapu ya shemeji yangu, injini ndogo kama ile mume wangu aliyoitamani, tukaenda nayo Iringa. Baada ya Mikumi mji unafika kwenye bonde la mibuyu, Mto Ruaha pembeni, joto la kufa mtu, na Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani kama mapambo. Ni moja ya sehemu nizipendazo Tanzania nzima. Halafu mlima unaanza.

Kupanda Kitonga tulipanda, sisemi uongo. Gia ya pili, nyuma ya lori la saruji, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili, feni imewashwa ya mwisho na hakuna anayeongea. Siku tatu baadaye tukashuka. Malori yanashuka taratibu, harufu ya breki imejaa hewani, na tela linakusukuma mgongoni kila kona. Kushuka kule kunataka uingie gia nzito ukiwa bado juu, injini ndiyo ishike gari, breki ubonyeze na kuachia. Injini yetu ndogo haikuwa na uwezo wa kushikilia, kwa hiyo mguu wa mume wangu ulikaa kwenye breki kuliko alivyopenda. Binti yetu mdogo alikuwa amelala kiti cha nyuma. Tulipofika chini Mbuyuni, baba watoto alishuka, akanunua vitunguu ndoo nzima, akavipakia, akakaa. "Kiwanja kitasubiri," akasema. Sikuongeza neno.

Hesabu sasa. Kibati cha tela letu kinasema kilo 980 likiwa tupu na mwisho 1,500. Tulipolipima limejaa maji, mtungi wa gesi, magodoro na chakula, lilisoma 1,340. Karibu asilimia 10 ya uzito huo, yaani kilo 130 na ushee, hukalia nyuma ya pikapu, nao ni mzigo wa gari kama mzigo mwingine. Ongeza watu watano na vitunguu. Watu wengi husoma uwezo wa kuvuta tu na kusahau uzito wa jumla wa gari na tela pamoja, ambao nao una kikomo chake kwenye kitabu cha gari.

Land Cruiser ya mkonga mmoja ilimtia mume wangu tamaa. Ile yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, kila fundi wa kijijini anaijua, lakini haina tabo, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 unazopanda. Isitoshe, watoto wangekaa wapi? Hilux za kizazi cha Vigo, za 2004 hadi 2015, ni imara, ila nyingi huruhusiwa kuvuta kilo 2,500 au chini. Isuzu D-Max ya lita 3.0 na Ford Ranger za kuanzia miaka ya 2010 ziko juu zaidi, nyingi hufika 3,500.

Tulichukua Hilux dabo kebini ya lita 2.8, injini iliyotoka mwaka 2015. Ya otomatiki ina toki ya 450, wakati Vigo nyingi za lita 3.0 zilikuwa na 343, na tofauti hiyo unaisikia Kitonga kabla ya kona ya pili. Spea zipo kila mji. Tuliongeza saiti mira pana na springi za nyuma, na tukahakikisha bima inalihusu na tela.

Mwezi uliofuata tulimchukua mama mkwe Iringa mjini tukaenda naye Kisolanza, kama kilometa 50 mbele kwenye njia ya Mbeya, shamba lenye eneo la kambi na baridi ya kuvaa makoti mawili. Alilizunguka tela mara mbili, akabonyeza godoro, akafungua kila kabati.

"Zuri," akasema. "Choo kiko wapi?"