Na Mdogo Wangu Hadi Moshi

Sikuwahi kupita Mombo kuelekea kaskazini mpaka mdogo wangu, mjamzito wa miezi saba, alipotokwa na malengelenge. Tulishuka alfajiri kutoka Lushoto, tukapanda basi la Moshi, naye akakaa dirishani amejitanda kanga mbili ili abiria wasimwone mikono. Kufika Hedaru joto lilishamzidi. Milima ya Upare ilituandama mkono wa kulia hadi Mwanga lakini hakuitazama. Kazi yake ilikuwa kujikanda kwa kitambaa nilichokuwa nikikilowanisha kwa maji ya chupa, asije akajikuna.

Kijijini walishasema yote: tetekuwanga, mkanda wa jeshi, jicho la mtu. Nyumbani kwa mumewe alitengewa sahani na kikombe.

Hospitali ya KCMC ina kituo cha magonjwa ya ngozi kinachosomesha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992, na siku ile niliiona faida yake. Kabla ya kugusa lengelenge lolote, daktari aliuliza mwasho ulianzia wapi.

"Kitovuni," alijibu mdogo wangu. "Ukaenea tumboni, mapajani, mpaka mikononi."

Usoni palikuwa safi. Wakakata kipande kidogo cha ngozi cha kupima, kisha daktari akatueleza taratibu. Ni pemfigoidi ya ujauzito, ugonjwa adimu sana: hupata mimba moja tu kati ya makumi ya maelfu. Kingamwili za mama huishambulia protini iliyomo kwenye kondo la nyuma. Protini hiyo hiyo ndiyo inayoshikiza tabaka la juu la ngozi na la chini. Ikishambuliwa, matabaka huachana na maji hujaa katikati.

Akaandikiwa krimu ya steroidi na vidonge vya prednisoloni. Kliniki asikose, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na ajifungulie hospitali, maana malengelenge huweza kuchachamaa wakati wa kujifungua. Mimba ijayo yanaweza kurudi. Laiti kila mkunga angeyajua haya!

"Kwa hiyo siambukizi?" aliuliza tena.

"Huambukizi mtu, mama. Wala hukukosea kitu."

Pale stendi, kabla hata ya kununua maji, alimpigia mumewe simu. Salamu zilikuwa fupi. "Mwambie mama," alisema, "leo usiku nakula nao sinia moja."