Sup yangu, QT ya kaka, na albamu inayoitwa 82

Najua nimepotea. Walioniuliza niliwajibu kwamba nyumbani Dindira mtandao unasumbua, na kweli unasumbua, mpaka upande kule juu kwenye migravilia ndiyo unapata vijiti viwili. Ila hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa na sup na sikutaka mtu ajue. Haya, leo nimesema.

Na sup yenyewe sasa! Upimaji na tathmini. Yaani mwalimu mtarajiwa amefeli somo la jinsi ya kutahini watu. Cheka kwanza, nitakusubiri.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba, ule wakati ambao kwetu ukungu unashuka saa tisa mchana na hauoni mashamba ya chai yaliyo ng'ambo ya bonde. Nikapanda kule juu, nikafungua, nikaona. Nikashuka nyumbani, mama akaniuliza vipi, nikasema bado hayajatoka. Uongo wa kwanza. Wa pili ukawa wa kaka, na huo ndio ulionikaba, kwa sababu bumu likiisha na sehemu ya ada ikibaki, anayemalizia ni yeye, kwa bodaboda yake pale Korogwe mjini. Halafu huwa haniiti jina langu. Ananiita "mwalimu".

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo ili mnielewe.

Kaka aliacha shule kidato cha pili. Akawa utingo wa malori yanayokwenda Nairobi na kurudi. Mwaka 2010, mimi nikiwa darasa la kwanza, alirudi na CD ya kuchoma, juu yake imeandikwa kwa kalamu nene: 82. Hakuna kingine. Mimi nilidhani ni bei. Tuliipiga kwenye redio ya nyumbani mpaka betri zikawa zinaanikwa juani zipate nguvu.

Nilipokuja chuo, nikawa na intaneti ya kutosha, ndipo nilipoijua historia yake. Ni albamu ya pili ya Just A Band, kundi la Wakenya waliokutana wakiwa wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Kenyatta: Bill Sellanga anayeitwa Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Wanafunzi kama sisi tu! Albamu ya kwanza waliitoa 2008, inaitwa Scratch to Reveal, yaani kwangua uone, kama zile kadi za vocha. Hiyo ya pili, 82, ikafuata 2009. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Muziki walitengeneza wenyewe, na video wakazifanya wenyewe. Ukiwasikiliza huwezi kusema ni bongofleva wala rumba wala roki, ni mchanganyiko wa vinanda vya kompyuta, disko ya zamani na gitaa. Mama alikuwa anasema ni muziki wa jokofu bovu.

Kuna wimbo unaitwa Usinibore. Sisi Watanga tulibishana wiki nzima, bora gani hiyo? Kaka akatuelimisha kwamba ni "usiniboe", Wakenya ndivyo wanavyosema. Basi nyumba nzima ikawa ni usinibore, mpaka bibi.

Lakini uliowafanya wajulikane duniani ni Ha-He. Video yake ilitoka Machi 2010, inamwonyesha jamaa wa nywele za afro anayepiga watu ngumi kama sinema za miaka ya sabini, jina lake Makmende. Neno hilo watoto wa Kenya walikuwa nalo zamani, ukijifanya shujaa unaambiwa unajifanya Makmende. Inasemekana lilitokana na maneno ya Clint Eastwood katika sinema ya mwaka 1983, yakapindishwa midomoni mwa watoto. Wakenya wakaanza kutunga vichekesho vyake mtandaoni, Makmende hivi, Makmende vile, mpaka CNN na Wall Street Journal wakaandika habari zake. Kwa video ya vijana waliojifanyia wenyewe! Na ni albamu ya pili hiyo, siyo ya kwanza.

Sasa turudi kwenye sup. Mwezi wa nane nilichoka kudanganya. Nikapanda gari la asubuhi nikashuka Korogwe, kutoka kwenye baridi mpaka kwenye lile joto, huku nafanya mazoezi ya kusema. "Kaka, kuna jambo." "Kaka, usikasirike." Nikafika kwenye chumba chake, hayupo, yupo kijiweni. Ufunguo naujua unapokaa. Nikaingia nikakaa kitandani, na mezani nikaona daftari. Nikadhani la hesabu za boda. Nikafungua. Milinganyo. Tafuta x. Pembeni kuna kitabu cha Baiolojia cha kidato cha pili, kimefunikwa gazeti kama tulivyokuwa tunafunika shule ya msingi.

Akarudi akanikuta nalo mkononi. Jamani, mtu wa miaka thelathini na tatu, sijawahi kumwona ameaibika vile. Akasema haraka haraka, "Nimejiandikisha QT. Mtihani mwezi wa kumi na moja. Usimwambie mama, nikifeli tena atasema nini."

Mimi ndiyo kwanza nikaanza kulia. Nikamwambia, "Kaka, nina sup."

Akakaa kimya. Nikajua sasa atanihesabia safari zote za boda zilizolipa ile ada. Akauliza tu, "Sup ndiyo nini? Umefukuzwa?" Nikamweleza kwamba ni kurudia mtihani. Akapumua, akasema, "Sasa si unarudia. Nilidhani umepata mimba."

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilikaa kwake siku nne. Yeye anaendesha mchana, usiku namfundisha. Siku ya pili nikajifanya mwalimu kweli, nikamtungia jaribio la Baiolojia la maswali ishirini. Akapata manne. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, kumi na mbili humu hukunifundisha." Nikahesabu. Kweli, kumi na mbili. Wadau, lile ndilo jedwali la kutahini! Kile kitu nilichokariri semista nzima kwenye vimbweta bila kukielewa, kwamba swali litoke kwenye kilichofundishwa na kwa uzito uleule, kaka alinieleza kwa sentensi moja akiwa na hasira. Jaribio langu halikupima alichojua. Lilipima nilichosahau mimi.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Chuoni kwetu sup, hata uandike kama malaika, wanakupa C. Kwamba ni mara ya pili, basi kuna dari. Ninaelewa sababu yake, wenzangu waliofaulu mara ya kwanza lazima walindwe. Lakini nikifikiria 82, nani aliwaambia wale jamaa kwamba mkirudi mara ya pili mwisho wenu C? Kundi lenyewe baadaye kila mmoja alishika njia yake. Jim Chuchu na Mbithi wakaingia kwenye filamu, Blinky Bill akatoa albamu yake 2018. Ila Dindira tuliwajua kwa ile ya pili. Ya kwanza mimi nimeisikia nikiwa mtu mzima.

Nikiwa mwalimu, sijui nitafanyaje na mwanafunzi anayerudia. Angalau nitaacha kumwangalia kama mtu aliyechelewa basi.

Sup nimefanya Alhamisi iliyopita. Swali la tatu lilikuwa, eleza jedwali la kutahini kwa mifano. Nikaandika mfano wa mwendesha bodaboda mmoja. Matokeo bado, na safari hii kweli bado.

Kaka ananitumia picha za majibu yake kila usiku. Jana photosynthesis, amekosea kidogo tu. Mama bado hajui lolote kuhusu sisi wawili, kwa hiyo mnaotoka kule kwetu, midomo tafadhali.

Haya, usiku mwema. Usinibore.