Dallas ya Embu na Gari Lililogoma

Msomaji, ukisikia mtu akisema anatoka Dallas, usije ukadhani ameshuka kutoka Marekani. Dallas yetu iko mjini Embu, chini ya Mlima Kenya. Ni mtaa wa nyumba za mabati na mbao zilizobanana, na mvua ikinyesha utavipita vichochoro vyake ukiwa umekunja suruali. Huko ndiko gari langu lilikoniaibisha mbele ya jamaa zangu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Usilicheke! Aina hiyo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee wanakumbuka jinsi tulivyobanwa ndani yake safari za mbali. Lakini langu lilikuwa na maradhi ya kuja na kuondoka. Leo unazungusha ufunguo, linanguruma; kesho unasikia "ka!" moja, kisha kimya. Fundi mmoja wa Nairobi aliniuzia betri mpya. Mwingine akaapa kuwa stata imekufa.

Siku hiyo nilikuwa nikimpeleka kijana wangu Chuo Kikuu cha Chuka. Tulipita Thika, Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea, tukaingia Dallas kumwamkia shangazi. Chai ilipokwisha, gari likagoma. Mfukoni nilikuwa na pesa za chumba cha kijana, na stata ingezimeza zote. Naye kijana alikuwa akinitazama tu, hasemi neno.

Shangazi akatuma mtoto amwite fundi wa jirani. Akaja mwanamume mwenye spana chache ndani ya mfuko wa unga.

"Mzee, usinunue kitu kwanza," akaniambia. "Washa taa, kisha zungusha ufunguo."

Taa hazikufifia hata kidogo. Sikiliza vizuri hapo, msomaji. Taa zikififia sana, aghalabu betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea. Zikibaki kali na injini haizunguki, basi umeme upo ila hauifikii stata, au stata yenyewe ni mbovu. Ili kujua ni lipi, alichukua waya mnene, akaufunga kwenye kichwa cha hasi cha betri na ncha ya pili kwenye chuma cha injini. Nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja!

Kumbe stata ilikuwa nzima. Umeme ukishapita ndani yake lazima urudi kwenye betri, na njia yake ni waya unaounganisha injini na bodi. Wangu ulikuwa umeota kutu ya kijani na kubakiza nyuzi chache. Injini hutikisika, ikitulia nyuzi zikiwa zimegusana, gari linawaka, zikiachana, linagoma. Ndiyo sababu kila fundi aliyelikuta zima alibuni ugonjwa wake.

Alisugua kutu kwa msasa, akafunga kipande cha waya wa lori, akadai shilingi 300. Nikamwongezea, kwani betri ile mpya ilikuwa imenigharimu mara nyingi zaidi bure.

Tukapita Runyenjes na kona za Thuchi huku magari ya muguka yakitupita kama risasi. Kijana alipata chumba jioni ile. Mimi nilimngoja langoni nusu saa nzima, injini ikinguruma. Sikuthubutu kuizima.